Thule ya Masaki

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Masaki kumsalimia rafiki yako, anakutazama viatu kwanza. Anawaza magorofa, mabalozi na upepo wa bahari. Masaki niliyokuwa nakwenda mimi iko Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, ya pikipiki zilizobeba magunia ya mkaa mpaka dereva haonekani kwa nyuma. Mimi mwenyewe naishi Kongowe, na hapo pia lazima nifafanue kila mara: Kongowe ya Kibaha, siyo ile ya kule Mbagala. Madam alilifurahia sana jambo hili.

"Kemia," alikuwa akiniambia, "mimi na wewe tunaishi kwenye majina ya watu."

Kemia ni mimi. Aliniita hivyo tangu wiki niliyoripoti kwenye shule yetu pale Kibaha, mwalimu mpya wa somo hilo, yeye akiwa mkuu wa idara ya Kiingereza. Walimu wa kike wote shuleni huitwa madam, lakini ukisema Madam bila kuongeza jina, kila mtu alijua ni nani, kuanzia walinzi mpaka mkuu wa shule. Mkuu wa shule alikuwa akimwogopa. Kila tangazo lililobandikwa ubaoni, Madam alilipitia na kalamu nyekundu, akaliacha palepale likining'inia na masahihisho yake. Kadi za mwaliko wa harusi alizirudisha kwa wenyewe zikiwa zimesahihishwa. Siku moja kwenye sherehe ya kumuaga binti wa mwalimu mwenzetu, mshereheshaji alichanganya Kiingereza chake, na Madam akamrekebisha kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ile ya darasani. Ukumbi mzima ukamgeukia. Yeye akaendelea kula pilau.

Kwa hiyo kulikuwa na watu wasiompenda, na sitasema walikuwa na makosa.

Lakini wanafunzi walikuwa wakigombania kukaa mbele kwenye kipindi chake. Kila siku alileta neno moja. Analiandika ubaoni, anageuka, anawatazama. Hakuuliza maana yake hata mara moja. Aliuliza, "Nani anayelisema hili? Anamwambia nani? Wakati gani?" Mwanafunzi akianza kukariri maana aliyoisoma kwenye kamusi, Madam alimkatiza: "Maana kaa nayo nyumbani. Mimi nipe sentensi." Kwake yeye, neno lisilo na mtu wa kulisema lilikuwa kama nguo iliyotundikwa dukani.

Nakumbuka siku nilipopita nje ya darasa lake, akiwa amewaandikia Timbuktu. Akawaeleza kwamba huo ni mji wa kweli, uko Mali, una watu wake na misikiti yake ya udongo, lakini Mwingereza akiutaja mara nyingi hana habari nao kabisa. Anautumia kusema mbali tu, mbali kiasi cha kukukatisha tamaa. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Madam, hata sisi tunalo. Mama yangu mtu akimsumbua anasema, atanipeleka huko Kigoma mwisho wa reli."

Darasa likacheka. Madam hakucheka. Alishuka jukwaani, akaenda mpaka kwenye dawati la yule kijana, akampa mkono kama anavyopewa mtu mzima.

Hapendi wageni, ndivyo alivyokuwa akijieleza. Ukimpigia simu, anapokea kwa neno moja: "Sema." Ukifika kwake bila taarifa, anakufungulia mlango nusu. Basi unaingia, unakaa, unapewa chai ya tangawizi iliyokolea mpaka inawasha koo, na mazungumzo yanakuwa mafupi, ya mtu anayetaka uondoke. Unaaga. Hapo ndipo anapoanza. Anajitupia khanga begani na kukusindikiza mpaka barabarani, na njiani anakumbuka jambo. Mkifika barabarani anakumbuka lingine, mnakwenda mpaka kwenye kona. Nimesimama na Madam kwenye kona kwa muda mrefu kuliko niliokaa sebuleni kwake. Paka wa jirani alikuwa akiwafukuza kwa kelele na huku amewawekea maziwa kwenye kifuniko cha sufuria nyuma ya jiko.

Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia, shule nyingine, mtu mrefu wa polepole aliyetembea kama anayehesabu mawe ya njia. Madam alimwita "mwenzangu" na hakuwa na jina lingine kwake. Hawakujaliwa mtoto. Jioni walikaa barazani kwenye nyumba yao ya Kibaha na kamusi kubwa ya Kiingereza katikati yao, wakicheza mchezo waliouanzisha wenyewe: mmoja anatupa neno, mwingine anatakiwa alieleze bila kufungua kamusi. Nimewakuta mara nyingi wakibishana mpaka chai inapoa. Mzee akishinda alikuwa anapiga makofi mwenyewe.

Mzee aliumwa muda mfupi tu, akafariki. Walimsafirisha kwao Singida. Madam alikwenda na basi la msiba, akarudi mapema kuliko tulivyotarajia, siku ya pili tu baada ya mazishi. Tulijua kuna kitu kilitokea kule, lakini nani angemuuliza?

Wiki chache baadaye alinikuta kwenye maabara nikisafisha chupa.

"Kemia, nyinyi mna kitu kinaitwa thuliamu?"

"Kipo, Madam. Ni metali. Ni ya nadra, inang'aa kama fedha."

"Hilo jina mmelitoa wapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimelifundisha jedwali la elementi miaka yote, jina lile nikilipita kama kituo ambacho basi halisimami. Akavuta stuli, akakaa, akanieleza. Zamani sana, msafiri mmoja wa Kigiriki alipanda kaskazini kuipita Uingereza, akarudi na habari za nchi iitwayo Thule, ambako wakati wa kiangazi usiku karibu haupo na bahari inageuka kuwa kitu kisichokuwa maji wala ardhi. Wengi walimwita mwongo. Mpaka leo hakuna mwenye uhakika nchi yenyewe ilikuwa wapi. Wengine husema Norwe, wengine Aislandi, wengine visiwa vidogo vya juu ya Skotilandi. Waingereza wakaliokota jina wakiwa hawaijui nchi, wakalifanya liwe na maana ya upeo, mahali ambapo ukifika hakuna pa kuendelea. Mtaalamu aliyeigundua ile metali naye akalichukua, akiikumbuka kaskazini ya kwao.

"Hulikuti kwenye magazeti," alisema Madam. "Ni jina la nadra. Waingereza wenyewe wengi hawajui kulitamka. Ni Thyuli. Sema."

"Thyuli."

"Tena, polepole, kama mtu anayelipenda."

Nikalisema tena. Akainuka, akaenda zake. Nilidhani ni kupenda maneno tu, kama kawaida yake.

Alipostaafu aliwashangaza watu. Wenzake walijenga Kibaha, karibu na barabara na hospitali. Madam aliuza nyumba ile yenye baraza, akahamia Masaki ya Kisarawe, kwenye shamba lenye mikorosho mizee na nyumba ndogo ya vyumba viwili. Alisema amechoka kusikia majina yakiitwa. Miaka yote hiyo ya mahudhurio, alisema, sasa anataka kukaa mahali ambapo hakuna wa kuitwa wala wa kuitika. Akatengenezesha bango la mbao, akamwita fundi rangi kutoka Kisarawe mjini, na kwenye geti akaandikisha kwa herufi kubwa nyeupe: THULE.

Mtu anayejua Kiswahili tayari anajua kilichotokea.

Asubuhi ya kwanza walisimama vijana wawili wa mkaa. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kumsaidia kupanga vitu. Wakaegesha pikipiki, wakapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnasemaje?"

"Tumeona bango. Leo kuna nini?"

"Kuna nini, vipi?"

"Chakula, mama. Umeandika tule." Mwenzake akaongeza kwa upole kabisa, "Spelingi tu ndiyo imeteleza kidogo hapo kwenye te."

Nilimtazama Madam. Mtu aliyesahihisha matangazo ya mkuu wa shule miaka yote alikuwa anasahihishwa getini kwake na watu wenye masizi mpaka kwenye kope. Akavuta pumzi, akaanza kuwaeleza. Aliwaeleza yote: Mgiriki, kaskazini, bahari iliyoganda, namna ya kulitamka. Vijana wale walisikiliza kwa heshima, wameshika kofia zao mkononi. Alipomaliza, yule wa kwanza akasema, "Aisee. Kumbe mbali hivyo." Kisha akauliza, "Sasa mama, hata chai hakuna?"

Chai ilikuwepo, na mihogo niliyokuwa nimechemsha. Wakanywa wakiwa wamesimama, wakashukuru, wakaondoka. Kesho yake walirudi na mwenzao.

Hakuwahi kuuza. Aliona ni aibu kumuuzia mtu chai. Lakini aliongeza sufuria, na kila mtu aliyekunywa alilazimika kwanza kulisikiliza somo la Thule, hata kama amelisikia jana. Baada ya miezi michache madereva wa bodaboda wote wa upande ule walikuwa na kituo kipya: Kwa Tule. Nilikuwa nikishuka kwenye gari Kisarawe mjini namwambia kijana naelekea kwa Madam, ananitazama tu. Nikisema Kwa Tule, ananipa kofia ngumu, tunaondoka.

"Wanasema Tule," alilalamika kwangu. "Nimewaeleza mpaka nimechoka. Tule!"

"Madam, si wewe uliyetufundisha kwamba neno ni la anayelisema?"

"Usinirudishie maneno yangu," alisema, na siku ile hakunisindikiza hata mpaka getini.

Kisha ikaanza habari ya herufi H. Asubuhi moja aliamka akakuta H imepakwa udongo mwekundu, umesawazishwa vizuri, pamebaki TULE. Akaosha. Baada ya siku kadhaa ikapakwa tena. Akaosha tena, sasa akiwa na hasira. Aliwashuku madereva, akawanyima chai. Walinung'unika kwamba hawahusiki, hakuwaamini. Akanipigia simu Kongowe, mimi nikiwa darasani, kunieleza kwamba Masaki ina wahuni.

Mwishowe alijibanza nyuma ya mkorosho alfajiri, akamkamata mhuni mwenyewe. Alikuwa Bibi wa shamba la jirani, mwanamke mzee kuliko Madam, mwenyeji wa pale, aliyekuwa akipita kwenda kisimani. Alikuwa amesimama mbele ya bango, ndoo ipo chini, vidole vina udongo.

"Bibi! Ni wewe?"

Bibi wala hakushtuka. Mazungumzo yao Madam alinisimulia mara nyingi, kila mara akiiga sauti.

"Ni mimi, mwanangu. Mimi nilisoma ngumbaru, utu uzima wangu huu, nikajifunza kusoma nikiwa na wajukuu. Nikipita hapa nasoma: tu-hu-le. Nikasema, huyu mwalimu wa watu kakosea, na watu wanamcheka. Aibu kumwambia mtu mzima. Basi nikasema nimsitiri, polepole, mpaka mwenyewe aione."

Madam alisema alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akakosa pa kuanzia. Alimkaribisha Bibi ndani, siyo mlango nusu. Na Bibi, badala ya kusikiliza somo la Mgiriki mpaka mwisho, alimkatiza katikati na swali ambalo sisi wote hatukuwahi kuliuliza.

"Sawa, nchi ya mbali. Nani kakupa hilo jina?"

Hapo Madam akamwambia. Baadaye siku hiyo alinipigia, akaniambia na mimi, kwa sababu alisema akishalisema mara moja, mara ya pili ni rahisi. Jioni ya mwisho kabla mumewe hajapelekwa hospitali, walicheza mchezo wao barazani kama kawaida. Mzee akatupa neno: Thule. Madam hakulijua. Ilikuwa nadra sana ashindwe. Mzee akafurahi, akapiga makofi, akakataa kumwambia. "Tafuta," akamwambia, "nikirudi utaniambia." Hakurudi. Madam alilitafuta wakati nyumba imejaa waombolezaji, akalipata, akakosa wa kumwambia.

"Kwa hiyo nikaliandika getini," alisema. "Nimwambie nani sasa, Kemia? Nikaliandika getini."

Tangu siku hiyo udongo haukuonekana tena kwenye bango. Badala yake Bibi alikuwa akipita na kitambaa, anaifuta ile H vumbi, peke yake, herufi nyingine anaziacha. Wakawa marafiki wa ajabu, mmoja anakwenda kanisani Kisarawe mjini, mwingine anaswali kwenye jamvi lake nyuma ya nyumba. Sikukuu za Idi Madam alikuwa akila kwa Bibi mpaka analalamika tumbo. Krismasi Bibi alikuja na kuku aliye hai, amefungwa miguu.

Ndipo ukaja mwaka ule serikali ilipokuwa ikizipa barabara zote majina na nyumba zote namba. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano kwenye darasa la shule ya msingi. Madam alinitaka niende. Alikuwa amejiandaa kama anayekwenda kwenye usaili: gauni la buluu, miwani imefutwa, maelezo yamepangwa kichwani. Alitaka barabara ile inayopita getini kwake iandikwe Barabara ya Thule. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu.

Dereva mmoja wa bodaboda akasimama kwanza. "Mwenyekiti, sisi tunapendekeza Tule. Abiria wote wanapajua. Na Madam ametulisha, siyo siri." Watu wakapiga makofi.

Madam akainuka. "Napokea shukrani. Lakini jina lina H, na lina historia yake. Naomba mnisikilize." Akaanza. Alikuwa amefika kwenye bahari iliyoganda, watu wanatazamana wakitabasamu, aliposikika Bibi kutoka dawati la mbele.

"Mwenyekiti, na mimi nina langu."

"Subiri Bibi, Madam amalize."

"Mwache aseme," alisema Madam, akakaa.

Bibi hakusimama, magoti yalimsumbua. "Mimi nililetwa hapa nimeolewa, mwali. Palikuwa panaitwa Mifuruni. Mifuru ilijaa kando ya njia yote ile, na mtu akitoka mbali na mzigo anakaa kivulini, anakula furu, midomo inakuwa myeusi, anacheka, anaendelea na safari. Mifuru mmeikata. Siwalaumu, mkaa unasomesha. Lakini jina mmeliacha na nani? Mume wangu alilisema, amekufa, yuko pale nyuma ya nyumba. Shemeji zangu walilisema, wako pale. Nimebaki mimi. Nikisema Mifuruni, wajukuu zangu wananiuliza, wapi huko, Bibi? Hapa hapa nilipokaa!"

Hakuna aliyetabasamu sasa. Mwenyekiti alikuwa anazungusha kalamu yake. Nilimwona Madam akivua miwani na kuifuta, kisha akaifuta tena.

Akasimama. "Mwenyekiti, la kwangu naliondoa."

"Madam, lakini hujamaliza kueleza..."

"Nimesema naliondoa. Andika Mifuruni. Na iandikwe sawasawa."

Ikaandikwa. Kibao cha buluu kipo mpaka leo pale njia panda, Barabara ya Mifuruni, na madereva bado wanasema Kwa Tule, na bango la Madam likabaki getini na herufi zake zote. Barua ikija ya Mifuruni inafika. Mgeni akiuliza Kwa Tule anafika. Thule yenyewe hakuna aliyewahi kuiulizia.

Tulirudi kwa miguu tukimsindikiza Bibi. Baada ya kumwacha kwake, nilimuuliza Madam kama imemuuma. 

"Mwenzangu hakuwahi kukanyaga hapa," alisema. "Nilimletea jina lake mahali asipopajua. Mume wa Bibi amelala pale, hatua chache tu, kila asubuhi anamfagilia. Mimi wa kwangu nimemwacha Singida sijarudi hata mara moja."

"Kwa nini, Madam?"

Ndipo akaniambia. Siku ya mazishi, mbele ya watu, shemeji yake mkubwa alisimama akasema: "Ulimchukua ndugu yetu ukakaa naye huko Pwani maisha yote. Hukutuletea hata mtoto. Leo unaturudishia sanduku." Hakuna aliyemkanya. Madam, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu na kwa kila lugha, hakupata hata neno moja. Alfajiri alichukua begi lake, akapanda basi.

"Nimemwogopa yule mtu miaka yote hii," alisema. "Mimi! Fikiria."

Tulifika getini, tukalipita, tukaenda mpaka kwenye kona, na kwa mara ya kwanza tukasimama pale bila yeyote kati yetu kuzungumza.

Mwaka jana, asubuhi, nilikuwa kwenye stendi ya Kibaha nikisubiri gari la Mlandizi, ninakokwenda siku hizi kufundisha masomo ya ziada. Nikasikia mtu anamwambia kondakta, "Sema vizuri. Hilo gari linapita Singida au linaishia Dodoma?" Sauti ile ningeijua popote. Alikuwa amekonda, ameshika fimbo, na miguuni ana mfuko wa korosho na begi dogo. Nikamwamkia, nikamkumbatia. Alinukia tangawizi.

"Unakwenda wapi, Madam?"

"Kwa mwenzangu." Akatazama pembeni. "Shemeji amenipigia. Sijui namba aliipata wapi. Mzee sana sasa, sauti inatetemeka, nilidhani ni mtu mwingine. Anasema, 'Shemeji, njoo kabla sijafa.' Basi. Hakuongeza kitu."

"Na wewe ulimwambiaje?"

"Nilikata simu." Akacheka kidogo. "Kisha nikampigia."

Basi likaingia. Nikamshika mkono apande ngazi, nikampandishia mfuko wa korosho. Kondakta akamuuliza anashuka wapi, akataja kijiji cha mumewe. Kijana hakukifahamu. "Huko ni wapi, mama?" Nilisubiri somo. Madam alisema tu, "Twende, baba. Nitakuonyesha." Mlango ukafungwa. Aliniangalia kupitia kioo akiwa na uso wa mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza, na mimi nikasimama pale mpaka gari langu mwenyewe likanipita.

Siku mbili zikapita kimya. Nilimpigia, hakupatikana. Siku ya tatu simu ikaita nikiwa jikoni, nikipepeta mchele.

"Sema," nikamwambia, kwa kumtania.

Hakucheka. Nilisikia upepo, ule upepo mkavu wa Singida unaopiga bila kupumzika, na kuku wengi.

"Kemia, nimefika. Nipo makaburini."

"Pole, Madam. Shemeji yupo?"

"Yupo hapa, ameketi kwenye kiti chake. Kaburi la mwenzangu wamelijengea vizuri, nilidhani nitakuta magugu." Nikasikia mtu mzee akikohoa karibu naye. "Pembeni yake wameacha nafasi. Wameizungushia mawe. Nimemuuliza hii ni ya nani. Anasema, 'Ni yako, shemeji.'"

"Waliiweka lini?"

"Ndiyo nilichomuuliza. Anasema waliipima siku ile ile, baada ya watu kutawanyika. Alitoka asubuhi kuja kunionyesha, akakuta nimeshapanda basi."

Nikaweka ungo chini. Upande wa pili Madam alikuwa analia wazi, bila kujizuia, na nyuma yake sauti ya yule mzee ikirudia, "Basi, shemeji. Basi. Umeshafika."